Je, wajua? Ukipigwa nusukaputi, wewe unakwenda wapi?

Mgonjwa wa kilo 70 amelala chali kwenye meza ya upasuaji. Kanula imo mshipani, kidole kimebanwa na kipimo cha oksijeni, na mtaalamu wa usingizi ameshika sindano yenye dawa nyeupe kama maziwa. Hiyo ni propofoli. Weupe wake ni mafuta ya soya yaliyochanganywa na maji kwa msaada wa kiini cha yai, kwa sababu dawa yenyewe haiyeyuki majini. Kwa mtu huyu zinatosha mililita 14 hivi zenye miligramu 140, yaani miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Anaambiwa ahesabu. Ulimi unakuwa mzito, namba zinarukwa, na kabla sekunde 40 hazijaisha hayupo. Moyo unapiga, damu inazunguka, mwili uko pale pale. Yeye ndiye hayupo. Saa mbili baadaye anafumbua macho na kuuliza, "Mnaanza saa ngapi?"

Neno "nusukaputi" lina utani mkali ndani yake: nusu, na "kaputi" ya Kijerumani, yaani kilichoharibika au kilichokwisha. Mtu aliyekwisha nusu. Lakini neno hilo linadhania kwamba fahamu ni kitu kimoja kinachoweza kugawanywa kama mkate. Usemi mwingine wa Kiswahili umelenga vizuri zaidi: "fahamu zimempotea", "fahamu zimemrudia". Tunazitaja kwa wingi. Na tangu etha, mvuke wa kulaza wagonjwa, ilipoonyeshwa hadharani mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846 (Hanaoka Seishu wa Japani alikuwa amekwisha kumlaza mgonjwa kwa dawa za mitishamba na kumpasua mwaka 1804), kila kizazi cha dawa kimezidi kuonyesha kwamba ni kadhaa kweli, na kwamba zinaweza kuondolewa mojamoja.

Kwanza tuondoe kosa moja. Huu si usingizi. Aliyelala usingizi wa kawaida hupita mizunguko ya kama dakika 90, huota, hujigeuza, na ukimfinya anaamka. Akiamka usiku wa manane huweza kukisia kwa makadirio tu kwamba amelala saa tatu au nne. Aliyepigwa nusukaputi hukatwa na kisu asiamke, na saa zake zote ni sufuri: kwake kufumba na kufumbua ni tendo moja. Mawimbi ya umeme ya ubongo wake yanafanana zaidi na ya mtu aliye katika koma kuliko ya aliyelala, na dawa ikizidi yanakuwa milipuko mifupi yenye kimya kirefu kati yake, jambo ambalo usingizi wa kitandani haulifanyi kamwe. Kwa hiyo msomaji wa Kurani anayeikumbuka Surat Az-Zumar, aya ya 42, inayotaja nafsi zinazochukuliwa wakati wa mauti na zile zinazochukuliwa usingizini kisha zikarudishwa, ana haki ya kuuliza hii ya tatu iko upande gani. Mtaalamu wa usingizi hatalijibu hilo. Anachoweza kueleza ni nini hasa kimezimwa, na wapi.

Anapomlaza mtu huwa anatafuta mambo manne: asijue, asikumbuke, asisikie maumivu, asisogee. Ukiyasikia pamoja unaweza kudhani ni jambo moja lenye majina manne. Sivyo. Kila moja lina mahali pake mwilini, na mara nyingi lina dawa yake.

Chukua kutosogea. Nguvu ya gesi za usingizi hupimwa kwa kiwango kinachowafanya nusu ya wagonjwa wasijitikise kisu kinapopita kwenye ngozi: halotheni asilimia 0.75 ya hewa anayovuta, isoflureni kama 1.2, sevoflureni kama 2, kwa mtu wa makamo. Kizee hahitaji kiasi hicho. Kila miaka kumi inayoongezeka hupunguza hitaji kwa karibu asilimia 6. Kwa miaka mingi watu waliamini kipimo hicho kinapima ubongo. Mwaka 1993 majaribio ya mbuzi, ambao damu ya kichwa chao ilitenganishwa na ya kiwiliwili, yalionyesha kitu kingine. Gesi ilipopelekwa kichwani peke yake, ilibidi iongezwe zaidi ya maradufu ndipo mbuzi aache kusogea. Kumbe kinachotulia kisu kinapopita ni uti wa mgongo. Mgonjwa asiyejitikisa hajathibitisha kwamba hayupo. Amethibitisha kwamba uti wake wa mgongo umelala.

Jambo hili lina hatari yake, hasa tangu dawa za kulegeza misuli zilipoingia kwenye chumba cha upasuaji mwaka 1942, zikitokana na kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Dawa hizo humfanya daktari aweze kupitisha mpira wa kupumulia kooni na kupasua tumbo lililolegea. Fahamu hazizigusi kabisa. Tunalijua hilo kwa sababu mwaka 1947 daktari mmoja wa Marekani, Scott Smith, alikubali kudungwa kurare mara mbili na nusu ya kiasi kinachozuia pumzi, bila dawa yoyote ya usingizi, huku wenzake wakimpumulisha. Hakuweza kusogeza hata ukope. Dawa ilipomwisha mwilini alieleza yote waliyosema na kumtendea. Kwa mtazamaji wa nje alikuwa maiti yenye joto. Ndani alikuwa macho kabisa.

Basi hapo ndipo mambo huharibika. Gesi ikiisha kwenye chupa bila kuonekana, dripu ya dawa ikichomoka mshipani, au mama akifanyiwa upasuaji wa uzazi wa dharura kwa dozi ndogo ili mtoto asilewe, mtu anaweza kuamka huku misuli imefungwa. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulipata taarifa moja ya kuamka hivyo kwa kila nusukaputi 19,000 hivi. Palipotumika dawa ya kulegeza misuli ilikuwa moja kwa 8,000. Pasipotumika, moja kwa 136,000. Kwa upasuaji wa uzazi, moja kwa 670. Tofauti ya namba hizo inaeleza kila kitu: asiyelegezwa misuli akiamka atakunja mkono, na daktari atamwona mapema.

Lakini namba hizo zinawahesabu wanaokumbuka. Je, wasiokumbuka? Kuna njia rahisi ya kuwatafuta. Kabla ya kudunga dawa ya kulegeza, funga mkono mmoja kwa mkanda wa kupimia presha, uujaze upepo mpaka damu isipite. Dawa haitaufikia mkono huo. Mgonjwa akishalala, sema karibu na sikio lake: "Kama unanisikia, bana mkono wangu." Katika utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wagonjwa 260 katika nchi kadhaa, asilimia 4.6 walibana muda mfupi baada ya mpira kuingizwa kooni. Walisikia, wakaelewa lugha, wakatii. Baadaye karibu hakuna aliyekumbuka lolote.

Tulia hapo kidogo, maana ndipo penye kiini cha swali zima. Aliyebana mkono alikuwa nani? Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1694 kwamba wewe wa leo ni yule yule wa jana kwa kadiri kumbukumbu zako zinavyofika. Kwa kipimo hicho, aliyebana mkono si mgonjwa anayeondoka hospitalini, kwa kuwa hana kumbukumbu ya tendo lile. Ni vigumu kukubali. Kama mtu yule alihisi maumivu, yalikuwa maumivu ya mtu fulani, na mtu huyo ana jina lililoandikwa kwenye faili. Mwanafalsafa Thomas Reid wa Uskoti alimpinga Locke mwaka 1785: mzee anakumbuka ushujaa wake wa ujana, kijana yule shujaa alikumbuka fimbo alizochapwa utotoni, ila mzee hakumbuki fimbo. Kwa hesabu ya Locke, mzee ni kijana, kijana ni mtoto, lakini mzee si mtoto. Kumbukumbu peke yake haiwezi kuubeba mzigo huu.

Tuje kwenye kutojua kwenyewe. Propofoli hushika vipokezi ambavyo kazi yake ni kutuliza seli za neva, na kuvifanya vikae wazi zaidi. Chembe za kloraidi huingia kwenye seli, na seli inakuwa ngumu kuamshwa. Shina la ubongo likitulia, pumzi hukatika, ndiyo maana barakoa ya oksijeni huwa tayari mkononi. Kumeza na kukohoa navyo hupotea. Hii ndiyo sababu ya amri inayowaudhi wagonjwa wengi: usile chochote katika muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu uyaache saa 2 kabla. Chai ya rangi huhesabiwa kama maji. Chai ya maziwa ni chakula, na uji ni chakula hata ukiwa mwepesi vipi. Tumbo lililojaa likirudisha kitu kooni wakati hakuna wa kukohoa, asidi huingia mapafuni.

Ajabu ni kwamba ubongo hauzimiki wote. Sauti ikipigwa sikioni, eneo la kusikia bado linaitika. Kinachokatika ni mazungumzo kati ya maeneo. Watafiti wa Italia na wenzao hupiga ubongo kwa mdundo wa sumaku kutoka nje ya fuvu, kisha husikiliza mwangwi wake kwa vipokea umeme vilivyobandikwa kichwani. Mtu akiwa macho, mwangwi husafiri huku na huku, kila eneo likijibu kwa namna yake. Akiwa kwenye propofoli, mdundo hufa karibu na ulipopigwa, kama jiwe lililotupwa kwenye tope.

Halafu kuna ketamini, ambayo inaharibu kila maelezo mepesi. Imetumika kwa binadamu tangu 1964, nayo ni dawa kuu katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki, kwa sababu za kivitendo: haikati pumzi kwa urahisi, haishushi presha, haihitaji mashine. Miligramu 1 hadi 2 kwa kilo mshipani, na ndani ya dakika moja mgonjwa haumizwi na kisu. Ila macho yake yako wazi, yanachezacheza. Hafuati amri wala hajibu. Ukimpiga mdundo wa sumaku, mwangwi wake ni mpana karibu kama wa mtu aliye macho! Anapozinduka husimulia: alielea juu ya dari, alipita kwenye njia ya mwanga, mwili wake haukuwa wake. Wengine huzinduka wakipiga kelele, ndiyo maana hupewa dawa ya kutuliza, diazepamu, kidogo na kuachwa mahali penye utulivu. Mwanafalsafa na tabibu Ibn Sina, karibu miaka elfu moja iliyopita, aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu anayeelea hewani, asiyeona wala kugusa chochote, hata viungo vyake havigusani. Akadai mtu huyo bado angejua kwamba yupo. Mgonjwa wa ketamini ni kama shahidi wake. Mgonjwa wa propofoli ndiye asiyemfaa Ibn Sina, maana pale hakuna hata wa kuelea.

Na kuna hatua moja zaidi ya nusukaputi. Mshipa mkuu unaotoka moyoni ukitaka kupasuka penye upinde wake, wapo madaktari wanaompoza mgonjwa hadi kama nyuzi 18 za Selsiasi, kisha wanasimamisha mzunguko wote wa damu. Katika joto la kawaida ubongo hupoteza fahamu sekunde kama 10 baada ya damu kusimama, na dakika nne au tano baadaye huanza kuharibika. Kwenye baridi hiyo hustahimili kama nusu saa. Mashine ya kupima umeme wa ubongo huonyesha mstari mnyoofu. Hakuna ndoto wala mwangwi. Kisha damu hurudishwa, mwili hupashwa polepole (ukiharakishwa ubongo ndio unaoumia), na mtu anaamka akijua majina ya wanawe, deni analodai, na namba ya siri ya simu yake.

Hilo linaonyesha kwamba utu wake haukuwa unashikiliwa na mkondo wa umeme ule. Umeme ulikatika wote. Kilichobaki ni maungano kati ya seli za neva, ambazo ubongo una takriban bilioni 86. Maungano hayo hubaki na umbo lake hata mkondo ukisimama, kama mifereji ya shamba wakati wa kiangazi. Mwenye kuamini kwamba roho ilikuwa mahali pengine ikingoja hajapingwa na kipimo chochote hapa. Lakini ukitaka kujua kwa nini aliyeamka ni yeye na si mwingine, mifereji inatosha kuwa jibu.

Kurudi nako ni kwa mafungu. Pumzi hutangulia, kisha kumeza, kukohoa, kufumbua macho, kutii "nyanyua kichwa", kutaja jina. Kuhifadhi kumbukumbu huchelewa kuliko vyote. Mgonjwa huweza kuzungumza vizuri na nduguze kwa robo saa, akacheka, akaahidi ng'ombe, na kesho asijue kama walifika. Kwa sababu hiyo huambiwa asiendeshe gari wala kutia sahihi kwenye hati yoyote kwa saa 24, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ameshaamka.