Resista kwenye sensa ya hewa: uongo unaokua injini ikipata joto

Baadhi ya wenye magari Nakuru na Kisumu huomba fundi aunge resista (kipande kinachoongeza ukinzani wa umeme) kwenye waya wa sensa ya joto la hewa inayoingia injini. Kompyuta ikidhani hewa ni baridi, haicheleweshi moto wa plagi, na gari huwa jepesi kidogo. Hesabu yake ndiyo mbaya.

Ukinzani wa sensa hiyo hushuka joto likipanda. Kwa Toyota nyingi ni omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na kama 340 kwenye nyuzi 80. Ukiongeza omu 1,000 kwa mfululizo, hewa ya nyuzi 40 (omu 1,170 hivi) itasomwa kama ya nyuzi 23. Kosa ni nyuzi 17. Ukikwama kwenye foleni hewa ikafika 80, kompyuta itaona 36: kosa limefika nyuzi 44, wakati ambapo taiming (wakati wa plagi kutoa moto) ilihitaji kurudishwa nyuma kuliko wakati wote.

Hapo injini hugonga, sauti kama ya misumari ndani ya mkebe. Sensa inayosikiliza mgongo huo wa injini ikiwa nzima itarudisha taiming nyuma, na nguvu uliyoitafuta utaikosa. Ikiwa imekufa, pistoni zinaweza kupasuka kwenye mifereji ya ringi.

Mwinuko nao huficha kosa. Nakuru iko takriban mita 1,850, presha ya hewa karibu kilopaskali 81. Kisumu mita 1,130, kama 88, na presha ikiwa kubwa injini hugonga kwa urahisi zaidi. Gari lililotegewa Nakuru kwa kusikiliza tu linaweza kukaa kimya huko, kisha ligonge likiwa huku chini, likitoka Awasi kupanda Kericho na abiria.

Corolla yenye injini ya 4A-FE na distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) ina njia halali ya kutega taiming. Pasha injini, zima vifaa vya umeme, unganisha kwa waya mfupi matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha dayagnosi, kisha elekeza taa ya taiming kwenye puli: isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. La sivyo, legeza bolti ya distribyuta, izungushe kidogo, kaza, upime tena, maana kukaza huisogeza. Usisahau kutoa waya wa kuunganisha.

Ukikuta resista, ikate, lehemu waya, funika vizuri. Asubuhi kabla ya kuwasha gari, soma kwa mashine ya dayagnosi: joto la hewa na la maji ya injini liwe karibu sawa. Hewa ikisomwa baridi kwa nyuzi nyingi, chunguza plagi ya sensa kama ina kutu, kisha sensa yenyewe.