Kopo la maua halijarejelezwa

Kurejeleza ni kukirudisha kitu kilichomaliza kazi kwenye hali ya malighafi, kisha malighafi hiyo ikatengeneza kitu kingine. Chupa ya plastiki inasagwa, inaoshwa, inayeyushwa, inakuwa chembechembe au uzi. Kopo la soda linayeyushwa linarudi kuwa alumini. Karatasi inalowekwa mpaka iwe rojo. Kitu kisipopoteza umbo lake, hakijarejelezwa. Maana yake ni hiyo tu.

Lakini siku hizi kila aliyekata chupa akapanda mnanaa anasema amerejeleza. Kopo la rangi likivikwa mto likawa kigoda, limerejelezwa. Mtungi wa jemu ukiwekwa mshumaa, nao umerejelezwa. Kazi ni nzuri, jina ndilo si lake, na neno lenyewe linaonyesha kwa nini.

Mzizi umetoka Kiarabu kwa maana ya kurudi, na Kiswahili kikaupokea kama rejea. Humo tukanyambua. Rejesha ni kufanya kitu kirudi. Rejelea ni kurudia mahali au jambo fulani, ndiyo maana kitabu kinarejelewa. Rejeleza ni kukifanya kitu kirejelee, kwa njia ileile ambayo endelea huzaa endeleza. Ukimwambia mtu "endeleza", atauliza aendeleze nini, na mpaka wapi. Rejeleza nayo ina swali lake ndani: kirejelee wapi? Kwenye malighafi. Chupa yenye mnanaa haijarejelea popote. Ipo dirishani, chupa vilevile, imekatwa kichwa.

Rejesha na rejeleza nazo huchanganywa. Kreti ya soda za kioo inaporudi dukani, chupa zake zinarejeshwa: zinakwenda kiwandani, zinaoshwa, zinajazwa, zinarudi mtaani zikiwa chupa zilezile. Huko ni kutumia tena. Ni siku chupa inapovunjika, vigae vikaingia tanuri la kioo, ndipo urejelezaji unapoanza.

Kuna pia wanaosema kuchakata, wakidhani ni kisawe. Kuchakata ni kupitisha kitu kwenye mchakato, na hakudai kitu hicho kiwe kimewahi kutumika. Mkonge huchakatwa ukitoka shambani: majani yanapondwa na kukwanguliwa kwenye mashine iitwayo korona hadi nyuzi zibaki. Samaki huchakatwa kuwa minofu. "Kuchakata taka" ni sawa kabisa, ila ukisema "kuchakata" peke yake hujasema kama ni taka au ni sangara wa asubuhi. (Chakachua tuiache. Hiyo ilishapata kazi yake kwenye vituo vya mafuta.)

Sasa jambo analofanya mtu nyumbani kwa mkasi na sindano linaitwaje? Kugeuza matumizi. Si dhana ngeni iliyokuja na picha za vyumba vyeupe vyenye kiti kimoja. Debe lilikuwa bati la mafuta ya taa. Mafuta yakiisha, likachotea maji, likapima mahindi, mpaka jina la chombo likawa jina la kipimo, na leo gunia huhesabiwa kwa madebe hata pale ambapo bati lenyewe halipo. Koroboi ni kopo na utambi. Katambuga ni tairi lililokatwa likafuata unyayo. Hakuna hata kimoja hapo kilichoyeyushwa.

Anayetaka kuona dhana zote mbili kwenye chombo kimoja amtazame Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa Lamu na kushushwa majini mwaka 2018, kisha mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mkuku, mataruma na mbao zake ni plastiki iliyokusanywa, ikayeyushwa na kumiminwa kuwa magogo na mbao, ambazo mafundi walizichonga kama wanavyochonga mti. Hiyo ni plastiki iliyorejelezwa. Ngozi yake ya nje ya rangirangi ni malapa yapatayo 30,000, yaliyokatwa na kubandikwa. Malapa hayo yamegeuzwa matumizi. Ukikaribia bado unaona kuwa yalikuwa malapa.

Kwa nini kubishania jina? Kwa sababu anayeamini kwamba tayari amerejeleza hafikirii tena chupa yake itaishia wapi, na mara nyingi yeye ndiye aliyeifungia njia. Chupa za maji na soda (tazama namba 1 ndani ya pembetatu kitakoni) zina soko kwa waokota chupa, hasa zile zisizo na rangi. Ipake rangi ya mafuta, ibandike shanga kwa gundi ya moto, umalizie kwa unga unaometameta: mnunuzi ataitupa kando. Pembetatu yenyewe haisemi kwamba kitu kimerejelezwa, wala kwamba kitarejelezwa. Namba inataja aina ya plastiki tu.

Basi kopo la mche lifanyike hivi. Chukua chupa ya soda ya lita 2, kata kwa mkasi sentimita 12 kutoka kitakoni. Usitumie kisu cha moto, kinaacha ukingo wenye meno na moshi usiofaa kuvutwa. Ili ukingo usichane vidole, weka karatasi ya kuokea juu ya pasi yenye joto la wastani, ugusishe ukingo kwa sekunde chache huku ukizungusha. Plastiki hii hulainika kabla ya nyuzi 100, kwa hiyo itajikunja ndani yenyewe. Ukikawia, kopo zima linasinyaa upande. Kitako kina miguu mitano, na maji hutuama ndani ya kila mguu. Toboa kila mmoja kwa msumari uliopashwa moto, ukiushika kwa koleo, lakini tundu liwe ubavuni kidogo mwa ncha. Likiwa kwenye ncha yenyewe, sakafu italiziba na mizizi itaoza. Hili ndilo kosa linaloua miche mingi, kisha lawama anapewa mnanaa.

Chupa inayopitisha mwanga huota ukijani kwa ndani, na hapo ndipo watu hukimbilia rangi. Rangi ya maji haishiki kwenye plastiki nyororo. Itabanduka kwa maganda ndani ya wiki chache. Ukipiga msasa kwanza itashika, lakini umeshaiharibu chupa kwa mnunuzi. Ivishe kipande cha gunia au kanga kuukuu, ufunge kwa kamba bila gundi. Jua likiikausha chupa mpaka ianze kupasuka, vua nguo, suuza udongo, iingie kwenye kiroba cha chupa. Hapo ndipo inakwenda kurejelezwa, na atakayeirejeleza si wewe.

Kwa tisheti ni hivyo hivyo. Kuzikata vipande vya upana wa sentimita 3, kuzisuka na kuzishona duara kuwa zulia ni kugeuza matumizi. (Shona likiwa limelala mezani. Ukilishikilia mapajani uzi unakaza na zulia linapanda kingo kama bakuli.) Kurejeleza tisheti kungekuwa kuchambua kitambaa hadi kiwe nyuzi na kusokota uzi mpya, kazi ya mashine, na inayokuwa ngumu zaidi pamba inapochanganywa na poliesta.

Urejelezaji wa mtaani upo, ila unafanyika kwenye moto. Mafundi wanaosubu sufuria kutokana na skrepa za alumini wanarejeleza kwelikweli. Hatari ya kurejeleza nayo iko hapo: vitu vikishayeyuka pamoja, huwezi tena kujua nini kimeingia, na sufuria ya skrepa mchanganyiko inaweza kuachia madini ya risasi kwenye chakula, hasa chenye ndimu au nyanya. Debe lililogeuzwa ndoo halifichi asili yake hivyo.

Kwa hiyo, picha ya kigoda chako inapopanda mtandaoni, "nimerejeleza kopo la rangi" ibadilike kidogo tu. "Kigoda cha kopo la rangi" kinatosha, na kila mtu ataelewa ulichofanya. Na kama dirishani kumeshafika makopo kumi na manne ya mnanaa, labda jambo la kuangalia upya ni jingine: kuishi na vitu vichache.