Kamba Wako Hawakuuawa na Uchafu

Ujumbe huja kwa maneno yale yale: "Bosi, kamba wote wamekufa, na jana tu nimebadilisha maji yote, tangi linang'aa." Anayeandika anataka nijue kwamba hakuzembea. Kumbe ameshanitajia kilichowaua. Nazalisha na kuuza kamba wadogo wa rangi wa kufugwa kwenye tangi la kioo, wale wekundu, wa manjano na wa buluu ambao wote ni spishi moja, Neocaridina davidi. Kama kuna imani moja ningeing'oa vichwani mwa wafugaji wa Nairobi, ni hii ya kwamba maji maangavu ndiyo maji mazuri, na kwamba kadiri unavyoyabadilisha ndivyo yanavyozidi kuwa mazuri.

Uangavu hauonyeshi kitu. Amonia, sumu inayotokana na kinyesi na uozo, haina rangi, nitraiti inayofuata baada yake nayo ni sumu isiyo na rangi, na klorini iliyotoka mferejini asubuhi hii haina rangi. Tangi lililojazwa Jumamosi linapendeza machoni kuliko langu, ambalo lina ukijani kwenye vioo na majani yanayooza sakafuni, lakini langu ndilo lenye bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitraiti, kisha naitreti isiyo kali. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia kwenye sponji na changarawe. Mimi husema miezi miwili, watu wakinung'unika, kwa sababu nataka pia ule utando mwembamba unaoota juu ya kila kitu tangini. Vitoto vya kamba huzaliwa vikiwa na milimita mbili hivi, havina nguvu ya kushindania chakula, vinaishi kwa kuchokoa utando huo pale pale vilipo. Sasa mtu anatoa kila kitu, anasugua kwa brashi, anasuuza sponji chini ya mfereji wenye klorini, anajaza maji mapya, halafu ananiuliza mbona vitoto havikui. Tangi si sufuria.

Hata bila klorini, kubadilisha maji yote kwa mkupuo kunaua kwa njia nyingine. Kamba hukua kwa kujivua gamba. Mkubwa hujivua kila baada ya wiki tatu au nne, mdogo mara nyingi zaidi. Gamba jipya huandaliwa chini ya lile la zamani kabla ya siku yenyewe. Madini ya maji yakibadilika ghafla, mwili hushtuka na kamba huanza kujivua kabla hajawa tayari. Utamwona ana mstari mweupe umemzunguka nyuma ya kichwa, gamba limepasuka pale na halitoki. Huyo haponi. Wateja hunitumia picha za mstari huo wakiuliza ni ugonjwa gani na dawa yake wapi. Hakuna dawa, kuna ndoo uliyoimwaga juzi.

Na hapa Nairobi jambo hili lina uzito wake, maana maji yetu si yale yale wiki hadi wiki. Ya mfereji mengi hutoka bwawa la Ndakaini, chini ya milima ya Aberdare. Ni mepesi, madini yake machache. Mgao ukikaza, mwenye nyumba anaita lori la maji au anafungulia kisima kirefu, na yote yanaishia kwenye tangi moja la darini. Unaweza kuoga kwa maji hayo mwaka mzima usione tofauti. Kamba anaiona siku hiyo hiyo.

Ndipo ninapojibiwa: "Lakini ya kisimani ni maji ya chumvi, yana madini tele." Hili hunichosha kuliko yote. Chumvi gani? Maji ya visima virefu vya Nairobi yamepita kwenye miamba ya volkeno, na kilichojaa humo ni sodiamu na baikaboneti, pamoja na ile floraidi inayojulikana kwa kuyapaka meno rangi ya kahawia. Kalsiamu na magnesiamu, ambazo ndizo kamba anazijengea gamba, mara nyingi ni haba. Kwa hiyo unanunua kile kikalamu cha kupima TDS, yaani jumla ya vilivyoyeyuka majini, kinasoma 400, unafurahi, kumbe GH, kipimo cha kalsiamu na magnesiamu, ni digrii mbili tu. Kikalamu kinahesabu kila kilichoyeyuka bila kukuambia ni nini. Isitoshe, maji hayo yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya juu, na amonia ile ile huwa kali zaidi pH inapopanda.

Nunua kipimo cha GH cha matone kabla ya kununua kamba. Lenga GH kati ya 6 na 8. Ukiwa na maji ya mfereji, ondoa klorini, ongeza unga wa madini ya kamba, changanya ndoo nzima mpaka isome sawa na tangi, ndipo umimine polepole. Ukiwa na ya kisima pekee, yapunguze makali kwa maji ya mvua, yaliyokingwa mabati yakishasafishwa na mvua za kwanza, halafu tumia unga unaoongeza GH bila kugusa KH, kipimo cha baikaboneti, maana KH unayo ya kutosha. Badilisha sehemu moja ya kumi kwa wiki. Wiki usiyoyaamini maji yako, usibadilishe. Kamba waliozoea watavumilia wiki mbili bila maji mapya kuliko dakika tano za maji mageni.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuelea kwa mfuko aliouzwa nao juu ya maji robo saa hakumzoeshi kamba, kunasawazisha joto tu. Mtie kwenye chombo, funga fundo kwenye mrija mwembamba wa pampu ya hewa, maji ya tangi yapite humo yamdondokee tone kwa tone saa moja au mbili.

Mengine nitayapitia upesi. Baridi ya Nairobi haiwaui. Julai maji yangu hushuka hadi digrii 18 sebuleni na wako hai. Mayai hukawia tu, na majike wanaobeba hupungua. Ninaowahurumia ni wale wanaowekewa hita mpaka digrii 29, wanazeeka mbio na hewa majini inapungua. Fedha ya hita nunulia pampu ya hewa inayotumia betri, stima ikipotea utanishukuru.

Ganda tupu sakafuni si maiti. Liache, watalila lenyewe. Madume wakianza kuogelea ovyo kila upande, angalia kwanza kama kuna jike aliyetoka kujivua, kwa kawaida wanamtafuta huyo.

Guppy ni samaki wapole, ndiyo, na watakula kila kitoto watakachokiona. Kamba wa Amano, ambao ni spishi nyingine, wakibeba mayai usisherehekee: viluwiluwi wao wanahitaji maji yenye chumvi kama ya mlangoni mwa bahari, hawatakua tangini mwako. Hawa wangu huangua vitoto kamili.

Dawa za samaki zenye shaba ni sumu kwa kamba, hata kama lebo inasema ni salama kwa samaki. Dawa ya mbu ya kupuliza ni mbaya zaidi, na pampu ya hewa huivuta moja kwa moja hadi majini. Sukuma wiki ya sokoni chemsha kidogo, lakini usidhani kuchemsha kunaondoa dawa ya shambani. Mimi nawapa majani makavu ya mti wa mkungu, hununua furushi kila nikishuka Mombasa, na nadhani yanashinda nusu ya vyakula vya pakiti vinavyouzwa madukani. Majani ya mpera yanafaa pia, mradi mti haupuliziwi.

Na kuchanganya rangi hakukupi rangi mpya. Wekundu na buluu wakizaana, vizazi vichache mbele unabaki na kamba wa kahawia waliofifia, rangi ya mababu zao wa porini. Ukija kununua rangi mbili siku moja, nitakuuliza kwanza kama una matangi mawili.