Leigh Brackett, mama aliyeandika Hatari!

Ukiitaja filamu ya Hatari! pale Arusha, utasikia habari za mwigizaji John Wayne, faru na shamba la Momella. Aliyeandika skripti hatajwi. Mimi kazi yangu ni kuandika filamu na tamthilia za runinga, na kati ya waandishi wa Hollywood ya enzi zile, Leigh Brackett ndiye ninayemrudia zaidi.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1915, akaanza na hadithi za sayari za mbali kwenye majarida ya bei chee. Mwaka 1944 akatoa riwaya ya upelelezi. Mwongozaji Howard Hawks akaisoma, akayapenda mazungumzo yake, akaagiza aitwe huyo bwana Brackett. Akaingia mwanamke! Kazi akapewa vilevile: kuigeuza riwaya ya Raymond Chandler, The Big Sleep, kuwa filamu, pamoja na mwandishi wa riwaya William Faulkner. Faulkner akakigawa kitabu, sehemu hizi zako, zile zangu, kisha kila mmoja akajifungia ofisini kwake. Mwigizaji mkuu, Humphrey Bogart, alipopewa maneno laini mno alimfuata Brackett kulalamika, kumbe ni ya Faulkner. Yale makavu ndiyo yalikuwa ya mama.

Tazama pia mwanzo wa Rio Bravo (1959), filamu ya wachunga ng'ombe na masherifu aliyoiandika na Jules Furthman. Mlevi anaingia baa, mfukoni hana kitu. Jamaa mmoja anamrushia sarafu ndani ya chombo cha kutemea mate. Anapoinama kuichukua, sherifu anakipiga teke chombo. Dakika kadhaa hakuna aliyefungua mdomo, na tayari umeshajua nani ni nani.

Hatari! (1962), kisa cha kikosi kinachokamata wanyama pori kwa ajili ya bustani za wanyama, ilikuwa mtihani wa aina nyingine. Hawks alitaka waigizaji wenyewe wawakimbize na kuwakamata wanyama. Sasa utaandikaje sini ya faru wakati faru hajasoma skripti? Unaacha nafasi, halafu unashona kuizunguka. Wanaosema filamu ile haina kisa hawajautazama mshono: mwanzoni kabisa faru anamchoma mmoja wa kikosi kwa pembe mguuni, na tangu hapo kikosi kizima kina deni na faru, deni linalolipwa karibu na mwisho. Katikati humo ndimo anapopenyeza mapenzi, ndovu watoto, na Pockets, mmoja wa kikosi, na roketi yake ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili. Waafrika wamewekwa pembeni mno, na hilo silitetei.

Runinga nayo aliiandikia, The Alfred Hitchcock Hour na baadaye The Rockford Files. Kazi safi, lakini kama una jioni moja tu, anza na Rio Bravo.

Mapema mwaka 1978 alikabidhi rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, filamu ya pili ya Star Wars, na Machi saratani ikamchukua. George Lucas, muasisi wa Star Wars, na mwandishi Lawrence Kasdan waliibadilisha sana rasimu hiyo. Kwenye filamu, adui Darth Vader ndiye babake shujaa Luke; kwenye rasimu ya mama, babake Luke anamtokea mwanawe kama mzimu, maana yake Vader ni mtu mwingine kabisa. Hata hivyo filamu ilipotoka mwaka 1980, jina la Brackett lilikuwamo kwenye orodha ya waandishi, pamoja na la Kasdan.