Je, wajua kwa nini kanivo (mfereji wa maji ya mvua) "iliyokubaliwa" na serikali haichimbwi kabla ya mvua?

Lubumbashi mvua huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili. Maji yakiingia vyumbani, mtaa mzima unauliza: si walituambia mradi umekubaliwa?

Huenda hawakudanganya. Kukubali mradi na kuulipia ni kazi mbili, na kila moja ina ofisi zake.

Mifereji na barabara za ndani ya mji ziko mikononi mwa Office des Voiries et Drainage, ile OVD tunayoijua wote, iliyoanzishwa 1987. Mhandisi hapimi mtaa mmoja tu, anapima bonde zima, kwa sababu kanivo huanza kuchimbwa chini, pale maji yanapomwagikia mtoni. Ukianzia juu, mafuriko yako unamsukumia jirani wa bondeni, tena kwa kasi zaidi. (Wanasiasa hupenda kuanzia penye watu wengi wa kupiga makofi.) Baadaye bunge la jimbo hupigia kura edikti (sheria ya jimbo) ya bajeti, na mradi unapata mstari wake.

Mstari huo ni ruhusa ya kutumia pesa, iwapo zitapatikana. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo 40% ya mapato ya kitaifa, yakatwe papo hapo yanapokusanywa. Kwa vitendo pesa hupanda Kinshasa kwanza, halafu jimbo linakaa kungoja "retrosesheni", yaani kurudishiwa fungu lake. Sheria ya Oktoba 2008 inataka 40% ya fungu hilo la jimbo ziteremke kwenye miji, komini (sehemu za mji), sekta na maeneo ya machifu. Kwenye foleni hiyo, bugumesti, mkuu wa komini, yuko nyuma kabisa.

Sisi watu wa shaba tuna njia nyingine. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% eneo lenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Si haba. Ila zile 15% hubaki kwenye komini yenye mgodi. Komini ya jirani, hata ikiwa ndiyo inayomezwa na maji, haipati hata franka.

Tuseme pesa zimefika. Bado kuna zabuni, kwa sheria ya 27 Aprili 2010, kisha kutenga pesa, kuhakiki kazi, kuagiza malipo, na mwisho kulipa. Mwaka wa bajeti unaanza 1 Januari, katikati ya mvua. Makaratasi yakizunguka hadi Septemba, kiangazi kimekwisha, na kiangazi ndicho kipindi cha kuchimba na kumwaga saruji. Kwa maoni yangu kalenda hii inatuumiza kuliko hata wizi tunaoulalamikia.

Tatizo si letu peke yetu. Marekani, Bunge huidhinisha mradi wa kuzuia mafuriko kwa sheria moja, na fedha hupitishwa kwa sheria nyingine. Mradi unaweza kukaa miaka na idhini yake bila dola, na wenyeji nao hutakiwa kuchangia sehemu ya gharama.

Kwa hiyo ukimpata bugumesti, usimuulize kama mradi umekubaliwa. Muulize pesa ziko hatua gani: zimetengwa, zimeagizwa kulipwa, au zimelipwa? Halafu muulize kama bajeti ina mstari wa kuzibua. Kanivo mpya isiyozolewa chupa na mifuko ya plastiki huziba mapema, na pesa za kuizoa hazimo kwenye zile za kuijenga.