Mbwa wa kumwamsha anayeweweseka

Nairobi tumemzoea mbwa wa kibao cha getini: Mbwa Kali. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba mbwa anaweza kumsaidia aliyepatwa na kiwewe, hufikiria mlinzi. Mlinzi ndiye asiyefaa kabisa. Mbwa anayembwekea kila apitaye humwambia mgonjwa kwamba hatari ipo kweli, na hofu inazidi. Anayefaa ni yule ambaye honi ya matatu ikilia ubavuni hushtuka, kisha baada ya sekunde chache ametulia.

Kazi ya mbwa huyu ninayoithamini kuliko zote ni kumwamsha mtu aliyeshikwa na jinamizi. Huanza na neno "gusa". Mwonyeshe mbwa kiganja, akikigusa kwa pua mpe kipande cha nyama kisichozidi harage. Mara kumi, pumziko, kisha tena. Baadaye weka kiganja juu ya godoro, halafu juu ya mguu uliofunikwa blanketi, hadi azoee kuugusa mguu wenyewe.

Sasa mwenye mbwa alale mchana, arushe miguu na kuguna kama afanyavyo usiku. Hapa wengi hukosea. Miguu itangulie, sekunde moja ipite, ndipo useme "gusa". Vikija pamoja, mbwa hushika neno tu na kupuuza miguu. Vikipangwa vizuri, ipo siku atagusa kabla hujatamka. Hapo mmiminie vipande vitano mfululizo. Kisha rudieni gizani, na mwishowe mbwa mwenyewe akiwa amelala. Mwenzi akiweza kurekodi kwa simu sauti halisi ya kuweweseka, ni bora zaidi. Ichezwe chini chini kwanza.

Kwa nini mguu, si uso? Anayezinduka kwenye jinamizi anaweza kurusha ngumi kabla hajajua yuko wapi, na mbwa aliyepigwa hata mara moja huenda asikaribie tena kitanda hicho. Akiamsha bure, asikaripiwe. Katika nyumba za Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, mfundishe kukanyaga swichi ya taa iliyowekwa sakafuni. Mwanga nao humwonyesha mtu kwamba yuko chumbani mwake.

Mchana, mbwa wa kilo 25 hivi anaweza kulalia mapaja ya mtu hofu ikipanda. Uzito ule humrejesha mahali alipo. Anza na sekunde tano. Asipande kifuani, maana pumzi tayari imebana.

Kwenye foleni ya M-Pesa au stejini, mbwa husimama kingamo nyuma ya mtu ili watu wasimsonge. Hili lifanywe kwa kiasi. Anayejikinga hivyo kila siku hapati nafasi ya kugundua kwamba foleni haimdhuru, na tiba ya mshauri wa kisaikolojia inalenga kumfikisha hapohapo. Mbwa huenda sambamba na tiba hiyo, hachukui nafasi yake. Pangeni na mshauri ni foleni ipi wiki hii mbwa atasimama pembeni badala ya nyuma.