Lidge, Oktoba 2009: kwa nini Manuel hakukosea kumrudisha

Mwaka 2008 Brad Lidge, mrushaji wa timu ya besiboli ya Philadelphia Phillies, alikabidhiwa mara 48 kazi ya kulinda ushindi mwishoni mwa mchezo, mara 41 katika msimu wa kawaida na 7 katika mtoano, na zote 48 alizimaliza salama. Ya mwisho ilikuwa usiku wa Oktoba 29. Eric Hinske wa Tampa Bay alipunga fimbo hewani, Lidge akapiga magoti mbele ya mdakaji wake Carlos Ruiz, na Philadelphia wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1980. Msimu uliofuata, mrushaji huyohuyo hakuandikiwa ushindi hata mmoja. Aliandikiwa vipigo 8, na mara 11 alikabidhiwa uongozi akaupoteza.

Hapo ndipo mji ulipogawanyika. Wapo waliotaka asiguse tena mpira mchezo ukiwa na mwanya mdogo, na wapo waliosema mtu aliyekuletea kombe jana humtupi leo. Mtoano ulipofika, kocha mkuu Charlie Manuel alimrudishia kazi yake. Wengi bado wanauhesabu uamuzi ule kuwa kosa. Mimi ninayefundisha warushaji siuhesabu hivyo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza kwa msomaji aliyekulia kwenye soka. Mchezo wa besiboli una awamu 9; katika kila awamu kila timu hupiga mpaka wachezaji wake 3 watolewe (auti), na anayezunguka besi zote hadi kurudi kwenye pleti, pale anapopigia, huipa timu mkimbio mmoja, yaani pointi. Mrushaji aliyeanza kwa kawaida huchoka kabla ya mwisho, wanaingia warushaji wa akiba, na yule anayetunzwa kwa ajili ya awamu ya 9, timu yake ikiongoza kidogo, ndiye huitwa kloza. Akimaliza kazi bila uongozi kupotea, anaandikiwa sevu. Takwimu hiyo ilibuniwa na Jerome Holtzman, mwandishi wa michezo wa Chicago, mwaka 1960, na ligi ikaikubali rasmi mwaka 1969. Nina ugomvi nayo wa siku nyingi. Ukiingia mwanzoni mwa awamu ya 9 timu yako ikiongoza kwa mikimbio 3, ukaruhusu miwili, ukaponea chupuchupu, bado ni sevu. Siku hiyo umerusha vibaya sana, lakini kitabuni unaonekana shujaa. Tena timu inayoingia awamu ya 9 ikiwa mbele hushinda takriban mara 95 katika 100, awe nani kilimani, pale anaposimama mrushaji. Kwa hiyo mabishano yote ya makloza yanahusu michezo michache mno. Ila ni michezo ambayo shabiki alikwisha kuihesabu mfukoni, ndiyo maana inauma kuliko kufungwa tangu awamu ya 2.

Sasa tuziangalie namba za Lidge. Mwaka 2008 alirusha awamu 69 na theluthi, akaruhusu homu rani (pigo linalovuka uzio) 2 tu, akawatoa wapigaji 92 kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu waliyoikosa au kuiacha ndani ya eneo la kupigia. Wastani wake wa mikimbio kwa kila awamu 9 ulikuwa 1.95. Mwaka 2009, katika awamu 58 na theluthi mbili, homu rani zikawa 11, waliotoka kwa straiki tatu 61, na wastani ukapanda hadi 7.21. Besi za bure alizogawa kwa kurusha nje ya eneo mara nne zilikuwa 35 mwaka ule wa raha na 34 mwaka ule wa shida. Maana yake hata akiwa bingwa hakuwa mtu wa kulenga kwa usahihi. Aliishi kwa kuwafanya wapigaji wapunge hewani, na walipoacha kupunga, maisha yakawa magumu.

Silaha yake ilikuwa slaida. Slaida nzuri ya mrushaji wa mkono wa kulia hutoka mkononi ikifanana kabisa na mpira wa kasi, inakuja kiunoni pa mpigaji kama zawadi, halafu katika hatua za mwisho inazama na kukimbilia nje ya pleti. Mpigaji amekwisha kuamua kupunga, fimbo imeondoka, mpira haupo. Kwa mpira huo Lidge aliwatoa wapigaji 157 kwa straiki mwaka 2004 alipokuwa Houston Astros, idadi kubwa ajabu kwa mrushaji wa akiba.

Lakini mpira ule unategemea vidole kubaki juu yake hadi dakika ya mwisho, na vidole havibaki juu bila mwili mzima kusukuma mbele. Mguu wa nyuma ukikosa nguvu, bega linafunguka mapema, mkono unachelewa, vidole vinateleza kuzunguka ubavu wa mpira. Slaida ya namna hiyo ama inaanguka mapema, mpigaji anaiona na kuiacha, ama haianguki kabisa na inaning'inia katikati ya pleti. Ukiachwa mara mbili una boli mbili (mipira iliyo nje ya eneo) bila straiki, na sasa huna budi kurusha mpira wa kasi ndani ya eneo. Mpigaji wa ligi kuu anayejua kuwa mpira wa kasi unakuja anakula vizuri. Hizo homu rani 11 hazikutoka mbinguni.

Na mguu wa nyuma wa Lidge, yaani wa kulia, ulikuwa na kasoro. Goti hilo lilifanyiwa upasuaji kabla ya msimu wa 2008, na Juni 2009 likamweka nje tena. Msimu ulipokwisha alipasuliwa kiwiko, kisha goti. Ndiyo maana napata shida na maelezo kwamba "moyo ulivunjika". Maelezo hayo yalikuwapo tangu 2005, tena yalikuwa na picha nzuri ya kuyabeba: Oktoba 17 mwaka ule, Houston wakiongoza 4-2 na wakibakiza auti moja kuingia fainali, Albert Pujols aliipiga slaida yake ikapaa hadi karibu na reli za treni zilizo juu ya uwanja wa kushoto. Mwaka 2006 wastani wa Lidge ulikuwa 5.28, na watu wakahitimisha kwamba Pujols alimwua. Wanasahau kwamba Houston walishinda mchezo uliofuata na kuingia fainali, na kwamba "maiti" huyo ndiye aliyemaliza 48 kwa 48 miaka mitatu baadaye.

Philadelphia wao walikuwa na kidonda chao. Mwaka 1993 kloza wao Mitch Williams, mwenye sevu 43 msimu ule, alipigwa homu rani na Joe Carter wa Toronto iliyomaliza fainali papo hapo. Hakurusha tena kwa jezi ile, timu ilimuuza. Shabiki wa Phillies aliyekuwa na miaka kumi wakati ule alikuwa mtu mzima mwaka 2009, na kila Lidge alipotembea kutoka uzio wa warushaji kuja kilimani alikuwa anamwona Williams. Siwezi kumlaumu. Ila kumbukumbu ya shabiki haikuambii slaida ya leo inazama au haizami.

Hoja nzito zaidi ya waliotaka aondolewe ilikuwa Ryan Madson, mrushaji mwingine wa akiba wa Phillies. Alikuwa mrushaji bora kuliko Lidge msimu ule, hilo halina ubishi, na wastani wake ulikuwa chini ya nusu ya ule wa mwenzake. Alipokaimu nafasi Lidge akiwa majeruhi, naye alipoteza uongozi mara kadhaa. Mimi silihesabu hilo kama ushahidi kwamba "hana roho ya awamu ya 9", kwa sababu siamini awamu ya 9 ina jini lake peke yake. Nalihesabu kama dalili ya jinsi sampuli ilivyo ndogo. Mrushaji anayeanza michezo hufikisha awamu 58 kabla ya Juni kuanza. Ukimhukumu kloza kwa wiki tatu mbaya, unamhukumu kwa awamu nane au tisa.

Kuna jambo ambalo shabiki halioni kwenye runinga, nalo ndilo linalomfanya kocha awe mzito kubadilisha kazi za watu. Mrushaji wa akiba hupasha mkono moto kabla ya kuingia, na kupasha huko kunakula nguvu. Ukimpigia simu awamu ya 7 akapasha, ukamkalisha, ukamwinua tena awamu ya 9, mkono wake umefanya kazi mara mbili ingawa kitabuni hakuna kitu. Kazi zikijulikana, kila mtu anajua saa yake: wa awamu ya 8 anaanza kunyoosha viungo ya 7 inapoanza, kloza anakaa ametulia. Ukivunja utaratibu huo Agosti, unaweza kumtibu Lidge ukawaumiza watatu wengine. Hata hivyo Manuel alivumilia kupita kiasi. Ilipofika Septemba alianza kumtoa katikati ya awamu na kugawa auti za mwisho kwa anayefaa. Ningependa angeanza mwezi mmoja kabla.

Kisha ikaja Oktoba, na hapa ndipo kesi yangu inaposimama. Manuel hakumrudishia Lidge awamu ya 9 kwa mkataba wa jumla. Katika mchezo wa 4 wa mfululizo wa mtoano dhidi ya Colorado, Phillies walitoka nyuma awamu ya mwisho wakaongoza 5-4. Aliyeingia kuanza kuulinda uongozi huo ni Scott Eyre, mrushaji wa mkono wa kushoto. Ilipobaki auti moja na wakimbiaji wawili kwenye besi, aliyekuja kupiga alikuwa Troy Tulowitzki, mpigaji wa kulia, aina ileile ambayo slaida ya Lidge inaikimbia. Ndipo Lidge akaitwa. Straiki tatu, mfululizo umekwisha. Hadi Phillies wanawatoa Dodgers na kuingia fainali, Lidge alikuwa hajaruhusu mkimbio hata mmoja katika mtoano.

Linganisha na makloza wa wengine mwezi uleule. Huston Street wa Colorado alipoteza michezo miwili katika mfululizo huo. Joe Nathan wa Minnesota alisawazishiwa na Alex Rodriguez wa Yankees kwa homu rani. Jonathan Papelbon wa Boston, ambaye hakuwahi kuruhusu mkimbio kwenye mtoano maishani mwake, aliupoteza mchezo kwa Angels na Boston wakaaga. Jonathan Broxton wa Dodgers alipigwa na Jimmy Rollins akiwa amebakiza auti moja. Wote hao waliingia Oktoba wakiwa na namba nzuri kuliko za Lidge.

Novemba 1, mchezo wa 4 wa fainali, Phillies na Yankees wamefungana 4-4 mwanzoni mwa awamu ya 9. Lidge anawatoa wawili wa kwanza, Derek Jeter akiwa mmoja wao kwa straiki tatu. Anakuja Johnny Damon. Anamng'ang'ania kwa mipira 9, akiharibu mmoja baada ya mwingine, hatimaye anapata pigo la besi moja. Kwa kuwa anayefuata, Mark Teixeira, anapiga kwa upande wa kushoto, walinzi wa Phillies wamehamia upande wa kulia wa uwanja. Damon anaiba besi ya pili, yaani anaikimbilia mrushaji anaporusha. Pedro Feliz, mlinzi wa besi ya tatu, ndiye aliyekuja kudaka mpira pale, na Damon anapoinuka anaona besi ya tatu haina mtu. Anakimbia. Besi mbili kwa wizi mmoja.

Wengi wanaucheka ule wizi kama kichekesho, lakini angalia ulichofanya kwa slaida. Damon akiwa besi ya tatu, slaida inayochimba chini ikimponyoka Ruiz ni mkimbio. Kuanzia hapo Lidge akaegemea mpira wa kasi. Ukampata Teixeira mwilini, besi ya bure. Rodriguez akapiga pigo la besi mbili kushoto, Damon akafunga. Jorge Posada akaongeza mikimbio miwili, 7-4, na Mariano Rivera, kloza wa Yankees, akaufunga mchezo kwa upande wa pili. Kitabuni usiku ule hata si sevu iliyopotea, maana timu zilikuwa sare.

Je, Madson angefanya vizuri zaidi? Huenda. Yeye alitegemea mpira wa polepole unaokufa njiani, wala hakuwa na slaida ya kuogopa kuirusha. Ila besi ya tatu ingekuwa tupu vilevile. Kazi ya kuilinda katika mpango ule ilipaswa kuwa na mwenyewe kabla mpira haujarushwa, na hilo ni suala la benchi zima.

Msimu wa 2010, baada ya upasuaji, Lidge alirudi taratibu, akamaliza na sevu 27 na wastani wa 2.96. Edwin Díaz alipita njia hiyohiyo na New York Mets: homu rani 15 katika awamu 58 mwaka 2019, wastani 5.59, mashabiki wakimzomea nyumbani. Mwaka 2022 wastani 1.31. Naye ni mtu wa slaida.

Kwa hiyo timu yako ikitangaza kumrudisha kloza aliyekuwa anasuasua, iache sevu kwanza. Tazama wapigaji wa kulia wanapunga au wanaiacha slaida inapokuwa sare ya boli moja na straiki moja. Wakipunga, mpe awamu ya 9. Wakiiacha, aingie ya 6 timu ikiwa mbele kwa mikimbio mitano, na daktari amtazame goti.